Ndugu wa Ziwa Moja

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Sebule ilijaa leo! Makochi yalikwisha, wengine wakakaa chini, na Hanifa wa nyumba ya pili akaja na mkeka wake mwenyewe. Wote wamefuata drama ya Kijapani. Na mdomo wa Japani hapa Msambweni ni mimi — mimi Twaiba, mshona madera! Maandishi yale ya chini ni ya Kizungu na yanapita mbio. Mimi nayasoma, nayageuza, nayatoa kwa Kiswahili kilichonyooka. Sauti ya mwanamke naipandisha, ya mwanamume naishusha kifuani. Miaka ile ya kukaa mapokezi hotelini Diani haikupotea bure. Hapana mwingine mtaa huu awezaye. Nayasema humu maana nikiyasema nje nitaambiwa najisifu. Najisifu, ndiyo.

Kisa chenyewe: Bi Fumie hutengeneza miavuli. Tetsuo alikuwa dereva wa basi, sasa amestaafu. Wamekodi nyumba moja, kila mtu na chumba chake, na wanamlea msichana ambaye si wa huyu wala wa yule. Basi. Wanapika, wanagombania maji ya kuoga, mmoja akiugua mwenziwe humkorogea uji. Arudiye kazini husema mlangoni, "Nimerudi," na aliye ndani humwitikia. Itikio lile lilinihangaisha wiki nzima! Kizungu kimeandika karibu nyumbani — sasa mwenye nyumba anakaribishwaje kwake? Mwishowe nikaweka, "Umerudi salama?" Leo nilipolitoa, jirani yangu Bi Chiku alishusha pumzi, akasema naam, hivyo ndivyo. Kichwa kikanivimba.

Mapenzi hamna. Hata kushikana mikono. Mimi na ndugu yangu Basiti tumeshaitazama mpaka mwisho, tunajua. Lakini Hanifa kila sehemu ikiisha ni lile lile: hawa wataoana lini? Nikamwambia, shoga, hawa hawaoani. Alinicheka mpaka akajishika ubavu. Mwanamume na mwanamke, ufunguo mmoja wa nyumba, wasioane? Wacha we!

Jumapili, 3 Agosti

Basiti alikuwa ofu. Alioka mkate wa sinia, mimi nikakaanga samaki, tasi. Tumekula mpaka tukanyamaza.

Watu humwita kaka yangu na mimi huwaachia, japo mkubwa ni mimi, kwa miezi, na simwachi asahau. Mamake, Waridi, alifariki kule kijijini kwetu Jego siku aliyomzaa. Mama yangu Mwanasha alikuwa nyumba ya jirani, ana mimi mchanga mapajani. Akaletewa yule mtoto analia. Akampa ziwa. Mimi huku, yeye kule — ndivyo alivyokuwa akitusimulia mama, nami hudai kwamba Basiti alipewa lile lenye maziwa mengi, ndiyo maana ana mwili ule. Baadaye bibi yake mzaa baba alikuja akamchukua, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Bibi alipofariki, mtoto akarudishwa kwetu, ameshaanza chuo cha Kurani. Tukakua sahani moja.

Mimi niliolewa nikaachwa. Yeye mkewe alifariki. Miaka mitatu sasa tumepanga hapa kwa Mzee Jaafar, yeye anaoka mikate hotelini, mimi nashona. Akiniona nimeketi na uzi mdomoni bila kushona, huniwekea chai karibu na mkono, hasemi kitu. Nilikaa na mume miaka sita, hakuwahi kuona kama nimeketi au nimesimama. Kwa ziwa lile, huyu ndugu yangu ni haramu kunioa milele, kana kwamba tumetoka tumbo moja, na nyumba yangu inanitosha. Kina Fumie hawanishangazi. Ninawatazama kama ninavyotazama jikoni kwangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mdomo wangu! Mdomo wangu huu!

Leo Tetsuo alilazwa hospitali, na muuguzi akamuuliza Bi Fumie yeye ni nani kwake. Fumie akakosa neno. Hapo sebule ikawaka. Hanifa akasema uongo mtupu, Wajapani wanatuchezea akili, hakuna mwanamume wa kukaa hivyo na mwanamke miaka yote. Damu ikanipanda. Nikasimamisha picha kwa rimoti. Nikasema, mbona mimi na Basiti tunakaa?

Bi Chiku akasema, lakini yule si ndugu yako, shoga? Nyinyi si tumbo moja?

Tumbo gani! Baba mbali, mama mbali, nikasema. Yeye ni wa Chande, mimi wa Othman. Sisi ni ndugu wa kunyonya! Nikasema kifua mbele, nikingoja mashaallah.

Haikuja. Mmoja alivuta mtandio wake. Hanifa alikunja mkeka kabla Tetsuo hajatoka hospitali, na huyo ni Hanifa ambaye haondoki hata umeme ukikatika.

Jioni nilimweleza Basiti. Akasema, "Dada, umetangaza." Nikasema si siri. Akasema si siri Jego, wanakotujua. Hapa ni wageni.

Sikuona kosa. Bado silioni. Nilisema kweli na niliisema kwa fahari.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee Jaafar alikuja baada ya alasiri. Hodi mara tatu, kofia mkononi — mwenye nyumba apige hodi hivyo, nikajua kuna jambo. Nikamwamkia, nikamletea maji. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Bomba likipasuka huja mwenyewe na spana yake.

Aliinamia glasi ile akasema watu wanasema. Kwamba kunyonya ni jambo kubwa, lina mashahidi wake. Nani alikuwepo? Nikasema mama. Mama yuko wapi? Kaburini, Jego. Alinyonya mara ngapi? Maana sheria, alisema, yataka mara tano, na kila mara mtoto ashibe. Mzee, nilikuwa mchanga! Nitajuaje?

Ndipo akatoa alilolibeba, tena kwa furaha, uso umemng'aa. Iwapo ushahidi hauko, mlango wa halali u wazi. Oaneni! Ijumaa baada ya swala. Biriani atalitoa yeye. Nikacheka. Nikamtazama, hacheki.

Kuolewa na Basiti! Niliyemfuta kamasi! Mzee wa watu anadhani ananifanyia hisani, kumbe ananiambia nifanye dhambi ambayo hata kuiwaza siwezi. Na nikimwambia sitaki, ataona nimechagua kukaa na mwanamume bure bure.

Basiti alikuwa jikoni, alisikia yote. Alitoa vyombo vilivyo safi kabatini akaviosha upya. Hivyo ndivyo anavyokasirika. Kisha akatoka, akakausha mikono, akamwambia Mzee kwa adabu zote kwamba shahidi yupo. Bi Shutu, mkunga, yu hai Jego. Atamleta.

Mzee akasema vyema, basi Ijumaa. Shahidi akipatikana, maneno yamekwisha. Asipopatikana, ni ndoa, au mmoja wetu ahame.

Jumatano, 13 Agosti

Basiti ameomba ruhusa kazini, amekwenda Jego.

Mteja mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Eti harusi imeahirishwa. Nikampa, nikamwongezea na uzi wake. Hanifa amepita nje mara mbili, akijitia anatafuta kuku. Hana kuku.

Niliwasha TV, nikaizima. Kumsomea nani?

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike yote, maana nikilala nitaanza kuyabadilisha.

Bi Shutu amefika jana, kibibi kidogo, leso mbili, sauti ya mwadhini. Amekula mkate wa Basiti, akaomba mwingine, akalalamika sukari kidogo. Leo baada ya swala akaja Mzee Jaafar na wazee wawili wa msikiti. Waliketi makochini. Bi Shutu alikataa kochi, akakaa chini na kunyoosha miguu. Mimi nilikaa karibu na mlango wa chumba. Basiti wima, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

Mzee akamwamkia, akauliza: huyu kijana alinyonya kwa Mwanasha?

"Alinyonya. Mimi ndimi niliyempeleka, kwa mkono wangu huu."

Nilitaka kupiga kigelegele! Nikamtazama Basiti. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Mzee akauliza, "Ulimwona mara ngapi, mamangu?"

"Nilimwona aliposhika ziwa. Halafu nikarudi kwa mamake. Nilikuwa na maiti ya kuosha."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo alikuwa kule kule kwa Mwanasha. Mpaka bibi yake alipokuja."

"Siku ngapi?"

"Siku za msiba, mwanangu. Watu walikuwa wakilia."

"Lakini mara tano, mamangu. Zilitimia?"

Hapo akakasirika. Akavuta miguu, akakaa sawa. "Nani huhesabu kunyonya kwa mtoto? Mtoto hulia, hupewa. Wewe Jaafar, mamako alikuhesabia?"

Mzee mmoja alikohoa, kikohozi cha uongo kabisa. Mimi niliuma ushungi. Mzee Jaafar mwenyewe masikio yalibadilika rangi, lakini hakukasirika. Aliuliza wengine waliokuwepo. Bi Shutu akaanza kuwataja kwa vidole, na kila kidole kikaishia Allah amrehemu. Mwishowe akaukunja mkono, akauweka chini ya leso.

Basi Mzee akasema, huku akifuta jasho. Jego nzima yajua, hakatai, lakini wanajua kwa kusikia. Shahidi aliyeona ni mmoja, na aliona mara moja. Yeye hawezi kusema sisi ni ndugu. Na sasa kwa kuwa shaka ipo, hawezi tena kusema tuoane, maana mcha Mungu haoi ndani ya shaka. Biriani amelirudisha. Atatupeleka kwa kadhi, Kwale, Jumatatu ya tarehe ishirini na tano. Mpaka siku hiyo tusilale paa moja.

Nikamuuliza mbele ya watu wote: kwa hivyo si ndugu, wala si wa kuoana. Sisi ni nini, Mzee?

Hakunijibu. Namshukuru kwamba hakujitia kujua.

Walipoondoka Bi Shutu aliniita nikae karibu. Akaniambia siku ile alipoingia na kile kitoto, alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumbembeleza mama, maana mama mwenyewe alikuwa mgonjwa, maziwa ya shida. Mama hakungoja maneno. Alinihamisha mimi upande mmoja, akanyoosha mkono. Nimelia hapo hapo mbele ya kibibi, na si kwa huzuni. Huyo ndiye mama yangu! Huyo ndiye aliyenizaa mimi!

Jumamosi, 16 Agosti

Basiti amehamia chumba cha wafanyakazi hotelini, na kabla ya kwenda kazini amempitisha Bi Shutu stendi. Nilimkataza. Nikasema mimi ndiye nitakayekwenda. Akasema, "Cherehani yako nzito, dada. Mimi nina begi tu."

Hakubali kwamba sisi si ndugu. Alinitazama usoni akaniambia hivyo. Lakini hataki jina langu litajwe kwa ubaya kinywani mwa mtu hata mmoja, hata kwa siku tisa. Ameacha unga umepimwa na kufunikwa, na hamira kando, eti nisipate tabu.

Nilisimama wima mlangoni mpaka alipokata kona. Majirani walikuwa wakichungulia, nikawaacha wachungulie. Mwanamume gani mwingine mtaa huu angefanya hivyo? Nionyesheni! Ndipo nikaingia ndani nikalia nilivyotaka.

Saa kumi walikuja wanawake kutazama. Wachache. Nikasema leo hakuna. Hanifa alikuwa na mkeka kwapani. Sikumkaribisha.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeunguza mkate. Nimeula.

Jumatano, 20 Agosti

Alasiri nilisikia mtu anakohoa nje. Kikohozi cha Basiti! Hakupiga hodi. Ameketi barazani, mgongo ukutani, mfuko wa mikate magotini. Akasema anapita tu. Anapita! Hoteli iko Diani, sisi tuko Msambweni! Mtu anapitaje huku!

Sikumwambia ingia, naye hakuomba. Tumeahidi, tunashika. Nikampitishia chai dirishani, kati ya nondo. Amekonda kidogo. Akauliza mkate ulitoka vipi, nikasema ulitoka mzuri sana, akacheka maana ananijua. Tukakaa hivyo, yeye nje, mimi ndani, kama watu wa jela, ila sikujua nani ndiye mfungwa.

Nikawaza. Mzee alisema paa. Dirisha hakulitaja.

Nikainuka. Nikaisukuma ile meza ya TV, miguu ikapiga kelele sakafuni, nikaigeuza mpaka kioo kikatazama dirisha na mgongo ukatazama makochi. Nikafungua dirisha lote. Nikaweka sehemu ile ya mvua, anayoipenda. Basiti alisema dada, majirani. Nikasema waje. Nikasimama kando ya TV na kuanza kusoma, sauti juu, ya Fumie ya Fumie na ya Tetsuo ya Tetsuo. Nilisoma vizuri kuliko siku zote. Sina haja ya kuambiwa na mtu.

Hanifa alikuja kwanza kichwa, juu ya ua. Kisha akaja mzima na mkeka. Akasimama. Akauliza, na yeye akae? Nikamwambia baraza ni ya watu wote. Akatandika mbali na Basiti, akajifunika vyema, na baada ya kitambo akasema huku macho yake kwenye TV: "Ni vyema msiwe peke yenu. Watu wabaya."

Watu! Nilikuwa nimemwekea maneno yake tangu wiki iliyopita, nimeyanoa. Nikamtazama vile alivyokaa, mgongo umenyooka kama askari wa zamu kati ya Basiti na njia. Nikampa mkate. Maneno yatangoja.

Kisha Bi Chiku. Kisha wengine. Baraza ikajaa, ua ukajaa, na ndani niko peke yangu na makochi matupu.

Karibu na magharibi akapita Mzee Jaafar na baiskeli, anakwenda msikitini. Akapunguza. Akasimama. Basiti akainuka kumwamkia. Mzee akapokea, lakini macho yake yalikuwa yameshapita dirishani. Ilikuwa pale Tetsuo amesimama kituoni mvuani, mwavuli mkononi, yule msichana amelala mgongoni kwake, wanamngoja Bi Fumie.

"Hawa ni mtu na nani?" akauliza.

Hanifa alitazama mkeka. Nyuso zote zikanigeukia mimi, kati ya nondo.

Nikasema, "Ni watu wa nyumba moja, Mzee."

"Mtu na mkewe?"

"La."

"Ndugu?"

"La."

"Mtoto wa nani?"

"Wanamlea."

Nilikuwa tayari kwa hukumu. Nilikuwa na la kusema na sauti ya kulisemea. Lakini Mzee aliiegemeza baiskeli kwenye ua. Akatazama basi linafika, Fumie anashuka, wanagawana mwavuli ule watatu, hautoshi, bega la Tetsuo lote limelowa na hasemi. Mzee akatazama bega lile. Kisha akamtazama Basiti, na kikombe chake, na dirisha. Adhana ikaanza.

"Abdulbasit," akasema, "twende tukaswali." Akashika baiskeli. Hatua mbili, akageuka kwangu. "Kama bado inaendelea, mwanangu, isimamishe kwanza mpaka turudi."

Wamekwenda pamoja. Mzee hakupanda baiskeli, aliikokota.

Nimeshaswali. Naandika magotini, mgongo kwa TV. Picha nimeisimamisha, watatu wale wako chini ya mwavuli. Hanifa amekataa kwenda kupika, mumewe amemwita mara mbili kutoka uani kwao, amemjibu asubiri. Kadhi ni Jumatatu. Sijui atasema nini, wala sijui nitafanya nini akisema asilolijua. Nimechemsha chai nyingine. Nasikia sauti mbili zinakuja njiani, na ya Mzee ndiyo inayouliza maswali.